Jiwe Kubwa la Figo: Tupime Kwanza, Mashine Baadaye

Kati ya Ruiru na Thika, upande wa Juja iliko Kalimoni, wachimbaji wa Ndarugo hukata mawe ya kujengea mchana kutwa juani. Jasho likiwatoka nao wasinywe maji ya kutosha, mkojo huwa mzito, wa rangi ya chai ya rangi. Kalsiamu na oksaleti huzidi kiasi kinachoweza kuyeyuka, zikaganda kuwa chembe, na chembe zikakua kuwa jiwe. Jiwe hilo likiziba mrija wa kupeleka mkojo kibofuni, maumivu huanzia chini ya mbavu, yakashuka hadi kinenani, na mgonjwa hapati mkao wa kumtuliza.

Zamani wengi walipasuliwa ubavuni. Februari 1980, mjini Munich, Ujerumani, Christian Chaussy na wenzake walimtibu mgonjwa wa kwanza kwa mawimbi ya mshtuko. Mashine ilitoka Dornier, kampuni ya ndege iliyokuwa ikichunguza jinsi matone ya mvua yanavyoharibu ndege zinazoenda kasi kuliko sauti.

Mgonjwa alilazwa ndani ya beseni la maji. Mawimbi hupita majini na kwenye nyama za mwili bila kizuizi kikubwa, kwa kuwa maji na nyama hukaribiana katika jinsi zinavyoyapitisha. Yakifika kwenye jiwe, ambalo ni gumu zaidi, hulibana na kulivuta kwa ghafla, huku viputo vidogo vikipasuka na kulimega. Mashine za leo hutumia mto wa maji na jeli badala ya beseni. Kwa kikao kimoja, mapigo huwa kama 2,000 hadi 3,000. Ni kama fundi wa machimbo anavyopiga mstari uleule hadi ufa upenye. Na mapigo 60 kwa dakika huvunja vizuri kuliko 120.

Lakini mawimbi hayatoi jiwe. Huligeuza changarawe, nayo lazima ipite kwenye mrija mwembamba. Jiwe likizidi milimita 20, changarawe huwa nyingi, huweza kupangana na kuziba njia, na mara nyingi kikao kimoja hakitoshi. Kwa hiyo kwa mawe hayo madaktari hupendelea kutoboa tundu dogo mgongoni, la takriban sentimita moja, kisha kulivunja jiwe na kulitoa moja kwa moja. Jiwe lililo sehemu ya chini ya figo, changarawe yake hutoka kwa shida hata likiwa dogo kuliko hapo. Mawe ya asidi ya yuriki, kwa upande wake, huweza kuyeyushwa kwa dawa.

Ndiyo maana naomba kila mgonjwa, kabla ya kulipia chochote, aulize: jiwe lina milimita ngapi, liko wapi, na ni gumu kiasi gani? CT skani hujibu yote matatu. Mjamzito, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye maambukizi yasiyotibiwa asitibiwe kwa mawimbi.

Maumivu ya ubavu yakiandamana na homa au kutetemeka, usingoje kesho: figo iliyozibwa ikiwa na maambukizi huweza kuua. Na aliyewahi kupata jiwe anywe maji hadi akojoe angalau lita mbili na nusu kwa siku. Anayefanya kazi juani atahitaji maji mengi zaidi. Waajiri wa machimbo na mashamba waweke maji safi pale pale kazini.