Viatu vya Soli Iliyopinda na Njia za Matungu

Kiatu cha kutembelea chenye soli iliyopinda hutambulika mara kinapowekwa juu ya meza. Kisigino na ncha ya mbele huning'inia bila kuigusa, na kikibonyezwa upande mmoja hubembea kama mtumbwi. Soli yake ni nene kuliko ya raba ya kawaida, tena ngumu. Kuikunja kwa mikono ni kazi.

Faida yake huonekana katika hatua moja tu. Anayetembea hutua kwa kisigino, uzito ukapita juu ya kifundo, kisha kisigino huinuka na vidole hukunjika ili kuusukuma mwili mbele. Hapo mwishoni ndipo mzigo hulundikana kwenye sehemu ya mbele ya wayo, hasa penye shina la kidole gumba. Soli iliyopinda huvipunguzia vidole kazi ya kukunjika, kwa kuwa kinachoviringika ni kiatu chenyewe. Mpindo huanzia nyuma kidogo ya shina la vidole, na ukisogezwa hata kidogo tu uzito huangukia mahali pengine.

Viatu vilivyoueneza mtindo huu ni MBT (Masai Barefoot Technology), vilivyoingia sokoni mwaka 1996, na jina lao linawataja Wamaasai na kutembea pekupeku. Ajabu ni kwamba mbunifu wake, Mswisi Karl Müller, hakulipata wazo hilo Umaasaini. Aliumwa na mgongo, akaona nafuu alipotembea pekupeku kwenye mashamba ya mpunga ya Korea. Wamaasai wenyewe wamezoea akala za tairi kuukuu, zisizo na unene wa aina hiyo.

Biashara iliposhamiri, sifa zilizidi ukweli. Kampuni ya Skechers ilitangaza kwamba viatu vyake vya Shape-ups hupunguza uzito na kukaza misuli ya makalio. Mwaka 2012 ilikubali kulipa dola milioni 40 kumaliza kesi ya matangazo hayo nchini Marekani. Miaka miwili kabla, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-La Crosse walikuwa wamewapima wanawake waliovaa viatu vya aina hiyo na raba za kawaida, wasione tofauti ya maana katika kazi ya misuli. Kuhusu mgongo, jaribio la London lililochapishwa mwaka 2013 likiwa na watu 115 wenye maumivu sugu ya kiuno halikuona soli iliyopinda ikiishinda soli bapa. Waliokuwa wakiumia zaidi wakisimama au kutembea walipata nafuu kubwa zaidi kwa soli bapa. Anayenunua kiatu hiki ili kunyoosha mgongo, basi, ananunua ahadi tu.

Manufaa ya kweli yako kwenye wayo wenye kasoro. Mtu ambaye kiungo cha kidole gumba chake kimekakamaa hutembea bila kukilazimisha kikunjike. Mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi hupunguziwa mgandamizo unaozaa vidonda asivyovihisi, ingawa kiatu cha namna hiyo huhitaji kupimwa na mtaalamu wa miguu. Mzee anayeyumba au aliyewahi kuanguka ni heri akiepuke.

Huku Matungu, magharibi mwa Kenya, ardhi nayo ina neno. Njia nyingi hupita kati ya mashamba ya miwa, na mvua za masika zikinyesha, magurudumu ya matrekta huacha mitaro ambayo jua huigeuza kingo ngumu. Soli nene inayobembea ikikanyaga ukingo wa mtaro, kifundo hupinda upande kabla mtu hajajiweka sawa. Shambani gambuti haina mpinzani. Kiatu kilichopinda hufaa kwenye lami, sakafu ya saruji ya darasani, au njia ya maramu iliyosawazishwa.

Vingi vya viatu hivi humfikia mnunuzi kwa njia ya mitumba, na hapo macho yawe makali. Povu la soli huzeeka hata kiatu kikikaa tu kabatini: likibonyezwa kwa kidole na kubaki limebonyea, au likimeguka, kiatu hicho hakina maisha. Kikitazamwa kwa nyuma kisiegemee upande wowote. Aliyekivaa kwanza amekwisha kukipa mwendo wake.

Fundi wa viatu mwenye ujuzi anaweza pia kuongeza mpira uliochongwa chini ya kiatu cha kawaida chenye soli imara, kwa kipimo alichotoa mtaalamu. Hata kama wayo unaouma ni mmoja, kiatu cha pili nacho huongezwa kimo kilekile, maana mguu mmoja ukiwa juu kuliko mwenzake, nyonga na kiuno huweza kuanza kuuma.