UZI: Unalipa Sh25 ya barabara kwa kila lita. Inaenda wapi?

1/ Kila tarehe 14 jioni EPRA ikitangaza bei ya mafuta, malumbano ni yale yale: "Tunalipa ushuru, mbona barabara ni mashimo?" Swali ni la haki. Shida ni kwamba ukiuliza hivyo tu, kila kiongozi atamwelekezea mwenzake kidole. Wacha tulipange.

2/ Ukiweka petroli Ndhiwa, hulipi ushuru mmoja. Kuna ushuru wa bidhaa, kuna VAT iliyotoka 8% hadi 16% Julai 2023, na tozo kadhaa. Ushuru wa bidhaa na VAT zinaingia kapu kuu la serikali: mishahara, madeni, kila kitu. Hizo hazijafungiwa barabara.

3/ Iliyofungiwa barabara ni tozo ya matengenezo, iliyowekwa kwa sheria ya 1993. Kutoka 2016 ilikuwa Sh18 kwa lita. Julai 2024 ikapanda hadi Sh25.

4/ Piga hesabu. Jamaa wa boda anayechoma lita 3 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anatoa Sh1,950. Kwa mwaka ni Sh23,400. Na usiseme huna pikipiki: mama wa omena anailipa ndani ya nauli, mkulima wa miwa anailipa kwa trekta inayobeba miwa yake.

5/ Mwaka 2025 serikali ikatenga Sh7 katika hizo 25 ili ipate Sh175 bilioni za kulipa makandarasi waliokuwa wanadai. Kwa yule jamaa wa boda, Sh6,552 kwa mwaka zinalipia kazi ya zamani. Wanaotetea wanasema miradi ilikuwa imekwama, bila hiyo pesa makandarasi hawarudi saiti. Wanaopinga wanasema tumekula pesa ya kuziba mashimo ya kesho. Wote wana hoja.

6/ Zinazobaki zinapitia Bodi ya Barabara ya Kenya. KeNHA ina barabara kuu, KURA za miji, KeRRA za mashambani. Kaunti nazo zina barabara zake kwa Katiba ya 2010. Hapo ndipo magavana na wabunge wamevutana hadi mahakamani juu ya Sh10.5 bilioni. Magavana: kazi ilikuja kwetu, pesa ifuate. Wabunge: barabara za KeRRA ziko maeneo bunge yetu, pesa ibaki huko.

7/ Kwa hivyo mkutano ujao pale Ndhiwa au Rodi Kopany, usiulize "barabara itatengenezwa lini?" Hiyo inajibiwa kwa ahadi. Uliza matatu: Barabara hii ni ya nani, KeNHA, KeRRA au kaunti? Mwaka huu imetengewa shilingi ngapi za tozo? Mkandarasi ni nani na anamaliza lini?

8/ Akikosa jibu, mwambie arudi nalo. Wewe ulishalipa, pale kwa pampu.