Namba ya Siri Ni ya Nani? Kompyuta na Simu kwa Watu Wazima Wenye Ulemavu wa Akili

Katika kata ya Elerai, kama ilivyo katika kata nyingine za Jiji la Arusha, mambo mengi yaliyokuwa yakimalizwa kwa karatasi na saini sasa hupitia kwenye skrini. Fedha hutumwa kwa simu na fomu hujazwa mtandaoni. Mkazi asiyejua kompyuta humlipa kijana wa steshenari amjazie, naye husimama kando akitazama kinachoandikwa. Mtu mzima mwenye ulemavu wa akili mara nyingi hafiki hata hapo. Laini ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole vyake mwenyewe, lakini simu inakaa kwa kaka yake, na namba ya siri anaijua shangazi. Jamaa hawa huenda wakawa waaminifu kabisa. Hata hivyo, siku shangazi akifariki, mwenye laini hataweza kupata fedha zake bila kumtegemea mtu mwingine, tena asiyemchagua yeye.

Tuanze na maneno, kwa kuwa yamewaumiza wengi. Neno “taahira” limegeuka tusi, nasi wahudumu hatuna sababu ya kuendelea kulitumia. “Mtindio wa ubongo” ni tatizo la misuli na mjongeo. Mwenye nalo anaweza kuwa na uwezo wa kufikiri usio na kasoro yoyote. Ulemavu wa akili huanza katika umri wa kukua, nao hugusa mambo mawili kwa pamoja: uwezo wa kufikiri na kujifunza, na stadi za maisha ya kila siku. Disleksia ni jambo jingine, kwani hugusa zaidi kusoma na kuandika. Miongoni mwa visababishi vya ulemavu wa akili ni mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, manjano kali ya mtoto mchanga, na sindromu ya Down. Ubongo ulioguswa na haya haujaacha kujifunza. Hujifunza polepole, huhitaji marudio mengi, na hulemewa upesi unapopewa maelezo mengi kwa mkupuo.

Ushahidi wa jambo hili ni wa miaka mingi. Katika miaka ya 1970 huko Marekani, Marc Gold aliwafundisha watu wenye ulemavu mkubwa wa akili kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande 15, kazi ambayo hata mtu asiye na ulemavu huhitaji kuelekezwa. Aliigawa kazi hiyo katika hatua ndogo ndogo, akapunguza maneno, na mwanafunzi alipokwama alichukulia kwamba kasoro iko katika njia ya kufundishia. Mfumo wake aliuita kwa maneno yenye maana ya “Jaribu Njia Nyingine”.

Kwa upande wa kompyuta, kosa la kawaida ni kuanza na somo la sehemu za mashine: hiki ni kibodi, hiki ni kichakato, hii ni diski. Sijui ni nani aliyetuaminisha kwamba mtu anayetaka kutazama picha za harusi ya dada yake lazima kwanza akariri jina la kifaa kilichofichwa ndani ya sanduku. Taifa hili liliwahi kufanya vizuri zaidi. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika kampeni za kisomo zilizofuata, vitabu vya kujifunzia vilihusu pamba, mahindi na uvuvi, yaani kazi ambazo wanafunzi walikuwa wakizifanya tayari. Basi na hapa muulize mwanafunzi anataka nini. Akisema anataka kusikiliza kwaya, somo la kwanza ni kwaya.

Tuseme anataka kutazama picha. Kazi hiyo ina hatua nne: kuwasha kompyuta, kupeleka mshale kwenye alama ya picha, kubofya, kisha kusogeza picha moja baada ya nyingine. Kwa wengi ni heri kuanzia mwisho. Mwalimu afanye hatua tatu za kwanza mwenyewe na kumwachia mwanafunzi ile ya mwisho, ili kila kipindi kimalizike kwa yeye kuziona picha kwa mkono wake. Akiizoea, aachiwe mbili za mwisho, na kuendelea hivyo. Tumia maneno yale yale kila siku: ukisema “bofya” leo, usiseme “bonyeza” kesho. Vipindi vifupi vya mara kwa mara hufaa kuliko asubuhi nzima mara moja kwa wiki.

Kubofya mara mbili kwa haraka huwashinda wengi, na si kwa sababu ya akili pekee, bali vidole havitii kwa kasi hiyo. Katika Windows unaweza kupunguza kasi inayotakiwa, au kuruhusu faili kufunguka kwa kubofya mara moja, na kuukuza mshale. Simu ya kugusa huondoa tatizo la kipanya, ila huleta jingine: baada ya programu kusasishwa, alama huenda zikabadilika au kuhama, na aliyekariri mahali pake akapotea. Tena, anayejua kutumia kompyuta ya darasani asidhaniwe kuwa ataweza kutumia ya nyumbani. Stadi haihami yenyewe, lazima ifundishwe tena pale itakapotumika.

Mwanafunzi huyu ni mtu mzima. Anayestahili shikamoo aamkiwe hivyo, na programu zenye katuni za watoto wa chekechea ziwekwe kando.

Mhudumu wa afya ana kazi yake mahususi. Kabla ya kusema “haelewi”, macho na masikio yapimwe. Watu wenye sindromu ya Down hupata mara nyingi upungufu wa kusikia, matatizo ya macho na udhaifu wa tezi ya shingo, na yote haya huonekana kwa nje kama uzito wa kujifunza. Wengi wenye ulemavu wa akili wana kifafa pia. Dawa ya fenobarbito inaweza kuleta usingizi na kupunguza umakini. Mweleze daktari apitie dozi, wala dawa isikatishwe ghafla. Familia huogopa kwamba skrini italeta degedege. Kwa takribani watu 3 kati ya 100 wenye kifafa, mwanga unaomwekamweka huweza kufanya hivyo. Wengine hawana sababu ya kunyimwa kompyuta.

Kuna ishara moja ambayo hupuuzwa. Mtu aliyekuwa akifungua picha zake bila msaada, sasa hawezi. Hilo lisiandikwe kuwa ni sehemu ya ulemavu wake. Tafuta sonona, tezi, maumivu yasiyosemwa, mtoto wa jicho, degedege za usiku. Na kwa mwenye sindromu ya Down aliyefika miaka ya 40, fikiria ugonjwa wa Alzheimer, ambao huwapata mapema kuliko watu wengine.

Familia hutoa hoja nzito zaidi, nayo ni usalama. Ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii” umewatoa fedha watu wenye shahada, je, huyu? Jibu langu ni kwamba hatari hii ifundishwe kama hatua nyingine yoyote. Kanuni iwe moja na ya kuonekana: kabla ya kutuma fedha, mwonyeshe simu mtu fulani aliyemchagua mwenyewe. Salio liwe dogo, akiba ikae kwingine. Afundishwe pia kwamba picha za mwili usio na nguo hazitumwi kwa yeyote, na azoeshwe kusema “hapana” kwa sauti. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Ibara ya 12 ya mkataba huo inatambua haki ya kusimamia fedha zako mwenyewe, pamoja na haki ya kupewa msaada unaohitajika ili uweze kufanya hivyo.

Haki hiyo ina thamani ya shilingi. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hizo asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Anayejua kuingiza jina lake na kusomewa masharti kwenye skrini huomba akiwa mwombaji, asiyejua huombewa.

Wakazi wa Arusha wana bahati ya kuwa jirani na Chuo cha Ualimu Patandi, kule Tengeru, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Walimu hao huelekezwa zaidi kwa watoto walio shuleni, na mtu wa miaka 30 hana darasa linalomsubiri. Kwa sasa atafundishwa na dada yake, na jirani, au na huyo kijana wa steshenari akielekezwa vizuri. Anayeweza kuwaelekeza ni mhudumu wa kliniki, wakati wa ziara ya kuchukua dawa, naye aanze kwa kumgeukia mgonjwa mwenyewe, si aliyemsindikiza, na kumuuliza: simu yako anaishika nani, na ungependa kuifanyia nini?