Vijidudu wa tindikali na dhahabu ya marudio

Mchimbaji mdogo wa Nzega anaijua hasara hii: jiwe limepita kwenye karasha, limesagwa, limechenjuliwa kwa zebaki, na kilichopatikana ni kiduchu; nyingine imebaki kwenye marudio, yaani mabaki ya uchenjuaji. Huku Bukene nasikia watu wakimlaumu mwenye zebaki. Mara nyingi lawama ni ya jiwe. Chembe za dhahabu zimefungwa ndani ya pairaiti, madini ya chuma na salfa yenye kung'aa, ambamo zebaki haipenyi na hata sianidi hugota.

Wapo viumbe wa seli moja wanaoivunja pairaiti hiyo. Chakula chao ni chuma na salfa. Chuma wanachokibadili huigeukia pairaiti na kuimung'unya, salfa inakuwa tindikali, na joto linapanda kadiri kazi inavyokolea.

Walioajiriwa Kasese, Uganda, walikuwa bakteria. Mgodi wa shaba wa Kilembe uliacha rundo la pairaiti la takriban tani milioni moja, lenye kobalti iliyofungwa ndani yake, kidogo zaidi ya asilimia 1. Kuanzia 1999, kwa ufundi uliotoka BRGM, taasisi ya jiolojia ya Ufaransa, rundo lile lilitiwa kwenye matangi yanayopulizwa hewa, kwenye nyuzi 42 hivi. Matangi ilibidi yapozwe, maana joto likizidi hapo bakteria hao hufa. Fikiria: kiwanda kililipa gharama ili kuliondoa joto ambalo vibarua wenyewe walilitoa!

Arkea, kundi jingine la viumbe wa seli moja, hawana shida hiyo. Mmoja wao, Sulfolobus, aliyeelezwa na Thomas Brock na wenzake mwaka 1972 kutoka chemchemi za Yellowstone, Marekani, hustawi kwenye nyuzi 75 hadi 80, ndani ya tindikali ya pH 2 au 3. Utando wake umeungwa kwa mafuta ya aina ambayo maji moto ya tindikali hayaivunji kirahisi, na ndani ya seli hali hubaki karibu na ya maji ya kawaida. Kwenye joto hilo hata kalkopairaiti, madini sugu ya shaba, hukubali kuyeyuka.

Kikwazo ni gharama. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, hivyo hewa lazima ipulizwe kwa wingi, tena kwenye matangi yasiyoliwa na tindikali. Mchimbaji mdogo haziwezi.

Ila vijidudu hawa hawangoji tangi. Kabla ya kiwanda cha Kasese, mvua ililinyeshea rundo lile, wakafanya kazi yao bila msimamizi, na maji ya tindikali yakatiririka hadi Hifadhi ya Queen Elizabeth, yakiua majani njiani. Marudio yenye pairaiti yaliyorundikwa kando ya kijito yana kila kitu wanachohitaji.