Fundi Kompyuta, Mtunza Siri za Watu

Unataka kuanza kazi ya ufundi wa kompyuta na uko Pujini, Pemba? Bisibisi peke yake haitoshi. Kuna jambo moja ambalo wateja hawalisemi, lakini ndilo litakalowarudisha kwako au kuwafukuza.

Mpenzi msomaji, nilikwenda Pujini kuangalia magofu ya Mkama Ndume. Nilipomaliza kuzunguka nikakaa kivulini, nikafungua laptopu niandike. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya! Na kurasa zilikuwa zinasubiriwa kiwandani kesho yake. Sikuwa na ujanja, nikarudi mjini Chake Chake kutafuta fundi.

Kijana wa watu hakukimbilia bisibisi. Aliniuliza kwanza: "Dada, mara ya mwisho ilizimika vipi? Uliichaji wapi?" Akajaribu chaja nyingine, ikawaka. Kumbe laptopu nzima, chaja ndiyo imekufa! Ilipodai neno la siri, akanisogezea na kugeuza uso. "Andika mwenyewe dada, mimi sitazami."

Hapo ndipo aliponimaliza. Maana miaka michache nyuma, fundi mwingine, si wa huko, alinirudishia kompyuta yangu huku akinitania kuhusu picha za harusi ya mdogo wangu. Nani alimwonyesha? Kompyuta ilipona, ila mimi sikurudi kwake tena.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Wengi hudhani fundi kompyuta ni mtu wa waya na skrubu. Kumbe nusu ya kazi ni kusikiliza. Mteja anakuja kachanganyikiwa, ana aibu, anasema tu "imegoma". Wewe muulize taratibu: ilianza lini, ulikuwa unafanya nini, kuna kitu kipya umeweka? Kisha anza na mepesi: umeme, waya, kuzima na kuwasha upya. Usibomoe nyumba kwa sababu ya taa iliyoungua!

Kabla ya kugusa programu, hifadhi kazi za mteja kwenye diski nyingine. Mwalimu aliyepoteza alama za darasa zima hatajali kwamba mashine sasa inakwenda mbio. Na andika kwenye daftari ulichokuta, ulichofanya na bei mliyopatana. Daftari humaliza ugomvi mwingi.

Mazingira ya kisiwani nayo yasome. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kwa kebo iliyopita chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, badala ya kutegemea jenereta za dizeli kama zamani. Hata hivyo, umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo unaua mashine. Hewa ya bahari nayo ina chumvi, na chumvi huleta kutu. Mfundishe mteja kufunika mashine, kufuta vumbi na kuchomoa waya radi inapopiga. Ushauri huo usiutoze. Atakukumbuka.

UANZIE WAPI?

Si lazima upande boti kwenda Unguja siku ya kwanza. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina kituo Vitongoji, si mbali na Chake Chake. Nenda kaulize fani ya kompyuta, sifa zinazotakiwa na gharama. Ukitaka kupanda juu zaidi, kipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999.

Kama una intaneti na subira, Google ilianzisha mwaka 2018 mafunzo ya mtandaoni kwa wanaoanza kazi hii. Kipo pia cheti cha CompTIA A+, chenye mitihani miwili, kinachojulikana na waajiri wa nchi nyingi. Angalia ada kabla ya kujisajili, na Kiingereza ukinoe, maana maswali hayaji kwa Kiswahili.

Wakati huohuo tafuta kompyuta mbovu ya mtu, ifungue, ifunge, ifungue tena. Omba kukaa na fundi aliyekutangulia, hata kama mwanzoni kazi yako ni kufuta vumbi. Na wewe binti, usiogope. Wapo akina mama ambao wangependa simu yao ishikwe na mwanamke mwenzao.

"NIFUNGULIE SIMU YA MKE WANGU"

Sasa hapa ndipo penyewe. Siku moja atakuja bwana na simu isiyo yake. Au bibi na laptopu ya mumewe. "Nifungulie tu, nione anachati na nani. Pesa siyo tatizo." Utafanyaje?

Jibu ni moja: hapana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inahesabu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila haki kuwa ni kosa. Na hata bila sheria, Pujini watu wanajuana. Ukifungua simu ya mmoja leo, kesho kijiji kizima kitaogopa kukupa yake. Mwambie kwa upole: "Kaka, mlete mwenyewe." Ndoa yao itengenezwe na wazee, si na wewe.

Simulizi za Pujini zinasema Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wenye wivu, akajenga ukuta kisimani wasikutane: mmoja ateke kwa ndoo na kamba, mwingine ashuke kwa ngazi. Kisima kimoja, njia mbili! Kompyuta ya familia nayo iwe hivyo. Mtengenezee kila mtu akaunti yake na neno lake la siri. Utakuwa umezuia ugomvi kabla haujaanza.

NA NDUGU JE?

Mjomba atataka bure. Shangazi atasema "nitakupa zikivunwa karafuu". Usiwagombeze. Wape punguzo, lakini kipuri walipe. Ufundi wako unaweza kuwapa zawadi, duka la vipuri halikupi wewe.

Kwa hiyo ndugu yangu, jifunze mashine, lakini jifunze na kunyamaza. Mimi namba ya yule kijana ninayo mpaka leo. Unadhani ni kwa sababu ya chaja?