Access iko Msuka, data ziko Unguja: tunaunganishaje?
Tuseme uko Msuka, kaskazini mwa Pemba, na laptop yenye Microsoft Access. Data za utafiti wenu ziko kwenye seva Unguja. Ukizinakili kwenye flashi, kesho mwenzako akirekebisha, wewe unabaki na za jana.

Dawa ni ODBC, mkalimani kati ya programu na hifadhidata, aliyeletwa na Microsoft mwaka 1992. Weka draiva ya seva yenu, kisha kwenye Access chagua kuunganisha jedwali, siyo kuliingiza. Data zinabaki kulekule. Ila angalia: ukifuta rekodi hapo, imefutika kwenye seva. Kama unasoma tu, omba ruhusa ya kusoma tu.

Mtandao ukisuasua, iachie seva kazi ya kuchuja: ukihitaji rekodi 20, zisafiri hizo 20 tu, siyo jedwali zima.