Neno la Msimamizi ni Neno la Mwajiri

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaja mwajiri karibu kila ukurasa, lakini katika bonde la Kilombero mwajiri huyo ni nadra kuonekana shambani. Anayeonekana alfajiri kwenye miwa ya Msolwa au mpunga wa Mngeta ni msimamizi, ambaye vibarua wengi bado humwita nyapara. Ndiye anayepima ngwe, anayeandika mahudhurio na kuamua nani arudi kesho. Kwa hiyo sheria ya kazi hutimizwa au huvunjwa mkononi mwake, na kampuni inayomkabidhi daftari bila kumfundisha sheria hiyo inajitafutia kesi na kumwonea mfanyakazi kwa wakati mmoja.

Chukua suala la msimu. Wakata miwa wengi huajiriwa kwa muda, na mameneja hudhani kuwa mkataba ukiisha, mambo yamekwisha. Sheria inasema vingine: kukataa kuhuisha mkataba wa muda maalumu kunahesabiwa kuwa ni kuachisha kazi, iwapo mfanyakazi alikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia kurudishwa. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataja vyanzo vya matarajio hayo, zikiwemo mikataba iliyokwisha kuhuishwa na ahadi za mwajiri. Sasa, ni nani huwaambia watu siku ya mwisho kwamba msimu ujao nafasi zao zipo? Msimamizi huyo huyo, tena mara nyingi kwa nia njema. Hata yule anayeitwa kibarua wa kutwa hayuko nje ya sheria, kwa kuwa Sheria ya Taasisi za Kazi humchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, akiwa amefanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Siku tano za saa tisa kwa mwezi zinatosha.

Mwenye ekari chache za mpunga Ifakara atasema makaratasi haya ni ya kampuni kubwa. Hofu yake ina msingi, ila sheria imeshamfikiria: wajibu wa kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi haumhusu anayefanya kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Wanaozidi hapo wanastahili maelezo hayo, na asiyeyaelewa afafanuliwe. Bila maandishi, mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi humwangukia mwajiri. Wengine hudai kwamba vibarua wenyewe hupenda malipo kwa ngwe. Na walipwe hivyo. Malipo ya ngwe hayajakatazwa, wala hayafuti ukomo wa saa 45 kwa wiki.

Ukomo huo unamlinda msimamizi mwenyewe pia. Wasiohusika nao ni wanaosimamia wenzao na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu, ngazi ambayo msimamizi wa kikundi cha wakata miwa kwa kawaida hajaifikia. Saa zake za ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, na zinapaswa kuandikwa katika daftari lile lile analowaandikia wengine.